Siku Tuliyonyamazisha Kiti

Wamekiweka Kiti nyuma ya kioo, kwenye ujia wa kuingilia ukumbini, pale ambapo zamani palikuwa na birika kubwa la chai. Wamekipaka mafuta mpaka mninga unang'aa vibaya, na pembeni wamemsimamisha dada mmoja mwenye tai, kazi yake kuwaeleza wageni. Leo asubuhi nilifika mapema, nikajibanza nyuma ya kundi la walimu waliokuja kutembelea Bunge, nikamsikiliza.

"Hiki ndicho kiti kilichosoma mawazo ya wabunge," akasema yule dada. "Spika wa wakati huo alikuwa anawapeleleza bila wao kujua."

"Uongo!" nikasema.

Walimu wakageuka. Yule dada akanitolea tabasamu la kazi. "Samahani, mama?"

"Nimesema uongo. Hakikusoma mawazo. Na walijua, walikiomba wenyewe kwa azimio la Bunge. Na huyo Spika unayemsema ndiye mimi, Nyamizi Kaseko, bado sijafa."

Maskini, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwonea huruma, maana kosa si lake, ni la aliyemwandikia hayo maneno. Halafu nikakitazama Kiti vizuri. Alama ya kichwa changu bado ipo kwenye ngozi ya mgongoni, imebonyea na kufanya weusi. Basi hasira yote ikaniishia hapo hapo. Jamani, nilikipenda kile Kiti! Kuna siku bado naamka nikidhani nimeegemea.

Mwalimu mmoja akasema, "Mama, kengele ya kikao bado. Hebu tueleze wewe."

Nikavuta kiti cha yule dada, nikakaa.

*

Kwanza lazima mjue desturi yetu ya kukokotana. Katika Jamhuri yetu ya Maziwa, Bunge likishamchagua Spika, wabunge wawili wanamfuata alipokaa, mmoja anashika mkono huu, mwingine ule, wanamkokota mpaka mbele. Naye anatakiwa agome. Wageni wakiona wanacheka, wanadhani ni ngoma. Mimi siku yangu niligoma kwa nguvu zote, nikang'ang'ania meza, nikapoteza kiatu kimoja njiani. Picha ipo mpaka leo, mama mzima na soksi.

Mkono wa kulia alinishika Lukelo Mgaya. Tuliingia Bungeni siku moja, mimi mbunge wa Ulwila, yeye mbunge wa hapa hapa Itumbi mjini. Tulikuwa tunakaa benchi moja la nyuma kabisa. Kikao kikiahirishwa tunatoka kwa miguu mpaka getini, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunagombania pilipili na chumvi, tunawasema mawaziri mpaka tunapaliwa. Aliniita Dada, maana nilimzidi umri kidogo na mdomo sana. Siku ile ananikokota alininong'oneza sikioni, "Dada, kaza miguu, watu wanatazama." Nikacheka mpaka nikasahau kukaza.

Sikuelewa bado kwa nini tunakokotwa. Nilidhani ni mambo ya wazee wa zamani, yamebaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaondoa.

Sasa Kiti. Shida ya Bunge letu ilikuwa kelele. Ukitaka kusema unasimama, Spika akikuona anakuita. Lakini kila siku wanasimama walewale, wenye vifua, wenye kuita "Mheshimiwa Spika!" mpaka madirisha yanatikisika. Wengine walimaliza muhula mzima wakarudi kwao hawajatamka hata salamu. Wananchi wao wakawa wanauliza kama mbunge wao yu hai. Ndipo wabunge wenyewe wakapitisha azimio kwamba patengenezwe kiti kitakachomwezesha Spika kujua nani ana neno na anaogopa kusimama.

Kilifanyaje kazi? Mtu akitaka sana kusema jambo, koo lake linaanza kulitamka kabla mdomo haujafunguka. Misuli inacheza kidogo mno, hata mwenyewe hana habari. Mafundi wakaweka bamba jembamba chini ya kitambaa cha kila benchi, pale shingo inapoegemea. Bamba linausoma ule mchezo wa misuli na kuupeleka kwa waya mpaka kwenye Kiti. Spika akiegemeza kichwa, maneno yanaingia kupitia mfupa wa nyuma ya sikio, na yakishaingia yamekwisha. Hayaandikwi wala hayahifadhiwi popote. Tuliyaita minong'ono. Kiti kilikuwa kinamtambua Spika aliyeapishwa peke yake, na wakati ule ni mimi. Akikaa mwingine ni kiti cha mninga tu, tena kigumu.

Na niliapa mbele yao wote, siwa, lile rungu la heshima la Bunge, ikiwa mezani: nitakachosikia kwa Kiti ni mali ya Bunge, na hakitavuka mlango pamoja nami.

Ee bwana, raha niliyoipata! Kulikuwa na mzee mmoja wa upinzani, mkali hadharani, kumbe siku nzima koo lake linaimba nyimbo za harusi. Mawaziri wengi walikuwa wanataka kuuliza chakula cha mchana ni nini. Na kulikuwa na Sikudhani Mapembe, mbunge wa Rwenga kule kwenye chai na ukungu, wa chama changu mimi. Alikuwa anakaa karibu na nguzo, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mnong'ono wake wa kwanza niliousikia ulikuwa huu: "Nisimame? Hapana. Nisimame? Watanicheka."

Nikaita, "Mheshimiwa Sikudhani Mapembe."

Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Akasema maneno machache kuhusu barabara ya kwao, sauti inatetemeka, akakaa. Na mnong'ono wake ukaja, "Asante mama, asante mama." Nikajifuta macho, nikamsingizia Katibu wa Bunge kwamba ukumbi una vumbi.

Basi watu wakaacha kusimama kabisa. Usimame ya nini, na Spika anakusikia ukiwa umekaa? Nami nikaacha kuvaa miwani ya mbali.

*

"Sasa mbona kilizimwa?" akauliza mwalimu mmoja.

Subiri basi, nafika.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba kwa nchi nzima. Mnaikumbuka minara ya mawingu kule ukingo wa Nyambeta, inayovuta mvuke wa maziwa na kuachia mvua kwa zamu? Wakati wetu zamu zilikuwa hivi: Rwenga walipata vuli na masika, kwa sababu ya chai, na chai ndiyo iliyokuwa inaleta fedha za kigeni. Magharibi kwetu Ulwila tulipata kilichobaki, na mwaka ule hakikubaki kitu. Serikali ikaleta Muswada wa Mawingu: Rwenga wanyang'anywe mvua zote mbili, zipelekwe magharibi mpaka visima vijae.

Mimi wa Ulwila. Unadhani moyo wangu ulikuwa upande gani? Lakini Spika hachangii, hapigi kura. Nilikaa nimeegemea Kiti, nikawasikia wenzangu wakijadili kwa midomo, na chini ya midomo nikasikia makoo. Mdomoni wabunge wa chama tawala waliunga mkono. Kooni wengi walikuwa wanasema siyo. Wa Rwenga, wa milimani, na wengine wawili watatu ambao usingewadhania. Sikudhani alikuwa analirudia hilo hilo, "Siyo. Siyo. Chama kikinifukuza, mama yangu nyumbani ataelewa. Siyo." Nilijua muswada unaanguka wakati Serikali nzima bado inagonga meza kwa furaha.

Tukaenda mapumziko ya chai. Nilikuwa bado sijachovya hata andazi, Lukelo akaingia ofisini kwangu akafunga mlango. Wakati ule alikuwa Waziri Mkuu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mbona unafunga mlango, unaficha nini?"

Hakucheka. Akaweka kioo chake cha mkononi mezani, akakigusa, na kaka yangu akatokea. Kapela, kaka yangu wa tumbo moja, amesimama katikati ya lambo alilochimba babu yetu. Ardhi imepasuka pasuka. Nyuma yake ng'ombe wamelala, na wengine ilionekana wazi hawatanyanyuka tena.

"Mdogo wangu," akasema Kapela, "wameniambia utaona hii. Sikulaumu. Lakini Ulwila imekuwa bubu tangu siku ile walipokukokota. Kila jimbo lina mtu wa kulisemea, sisi tuna picha yako ukutani. Kama kuna lolote unaloweza, liweze leo."

Kioo kikazima. Nikamwuliza Lukelo, "Umemfuata kaka yangu mpaka kijijini?"

"Nimetuma mtu. Dada, muswada unaanguka, na wewe unajua. Wapo wa chama chetu watakaosema siyo. Umewasikia."

"Nasikia mengi pale."

"Nipe majina. Kamati ya chama imekaa sasa hivi, inasubiri. Tukiwavua uanachama kabla ya kengele, wanapoteza na ubunge, hawarudi ukumbini. Muswada unapita leo, minara inageuzwa kesho, na kwenu mvua inanyesha msimu huu huu. Sikuombi kitu kingine."

"Niliapa, Lukelo."

"Nilikuwepo ulipoapa. Nani aliyekuweka pale? Si chama?"

"Chama kilinipendekeza. Walionikokota ni Bunge."

"Mimi ndiye niliyekukokota!"

"Ndiyo maana nakushangaa."

Akakaa. Alionekana amechoka, jamani, na sikuona ubaya usoni mwake. Ningefurahi kama ningeuona. Alitaka mvua kwa watu wenye kiu, na watu wenyewe ni wangu. Akasema polepole, "Ng'ombe wale si wangu, Dada. Watoto wanaotembea siku nzima kutafuta maji si wangu. Ni wako. Utawaambia nini? Kwamba ulikuwa na dawa mkononi ukaificha kwa sababu ya kiapo?"

Sina la kujisifia hapo. Nilikuwa na majina. Jina la Sikudhani lilishafika mdomoni, nilikuwa nahisi herufi zake. Nilimfikiria Kapela nikataka kulia. Halafu nikamfikiria yule mama wa Rwenga, aliyeegemea benchi lake akiniamini, koo lake wazi kwangu kwa sababu tu niliahidi. Angeitwa kwenye kamati, angeambiwa "Tunajua unachotaka kusema," naye hajakisema popote. Baada yake nani angethubutu hata kutamani kusema? Wangekaa pale kama watu walioitwa kituo cha polisi, wakiyakaza makoo. Na majina hayo hayakuwa yangu kuyatoa, hata kama ni kwa ajili ya kwetu. Nilikuwa nimeyashikia tu, kwa niaba ya wenye nyumba.

"Kunywa chai yako," nikamwambia. "Kengele italia sasa hivi."

Hakuinywa. Akaufungua mlango, akageuka, akaniinamishia kichwa vile wanavyofanya wabunge wakipita mbele ya Spika.

"Sawa, Mheshimiwa Spika," akasema.

Hajaniita Dada tena tangu siku ile. Mimi pia mahindi ya getini nikaacha kuyala.

*

Tuliporudi ukumbini, mpambe wa Bunge mbele na siwa yake begani, sikukaa. Nilisimama pembeni mwa Kiti. Wabunge wakadhani nimeugua.

Nikasema, "Waheshimiwa Wabunge, wakati wa chai nimeombwa nitoe nje ya ukumbi huu yale niliyoyasikia kwa Kiti. Sikuyatoa. Aliyeniomba sitamtaja, maana naye ni mbunge, na mimi ni mtumishi wake kama nilivyo wenu. Lakini mjue kwamba leo nilitamani kuyatoa. Nilitamani sana. Na mimi nikiondoka atakaa mwingine hapa, naye ataombwa. Masikio haya mlinipa ninyi. Nayaweka mezani. Semeni mnataka yafanywe nini."

Weee! Kelele zilizozuka hapo sijapata kuzisikia. "Nani huyo? Mtaje!" "Aibu!" Watu wanagonga meza, mzee wa nyimbo za harusi amepanda juu ya benchi na viatu vyake. Lukelo alikuwa ametulia mstari wa mbele, mikono magotini, anatazama sakafu. Mwishowe mzee yule akashuka, akatoa hoja kwamba Kiti kizimwe hapo hapo, kabla ya mjadala kuendelea. Nikawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo ilijaa ukumbi. Wasioafiki waseme siyo. Sauti chache zikasikika, na ninaamini walikuwa wale wapole, waliojua hakuna tena wa kuwaita.

Katibu wa Bunge akapiga magoti nyuma ya Kiti, mzee wa watu na koti lake jeusi, akavuta waya.

Nikakaa, nikaegemeza kichwa kwa mazoea. Hapakuwa na kitu. Mbao tu na ngozi. Nilijisikia mkiwa, nawaambia ukweli. Miaka yote ile ukumbi ulikuwa unazungumza nami mgongoni, ghafla nikawa kama mama aliyerudi nyumbani akakuta watoto wote wamehama.

"Mjadala unaendelea," nikasema. "Mwenye neno?"

Hakuna aliyesimama.

Nikangoja. Nikawatazama, nao wananitazama, wote wamekaa kitako, wameegemea mabenchi yao, shingo zimewasimama kwa jitihada. Ndipo nilipoelewa, na kidogo nicheke mbele ya Taifa. Walikuwa wananingoja niwasikie! Mabingwa wale wa kelele, vifua vile, walikuwa wamesahau kusimama. Kila mmoja anasukuma maneno kooni anashangaa mbona haitwi. Na mimi bila miwani ya mbali naona mabaka ya suti tu.

"Waheshimiwa," nikawaambia, "sisikii kitu. Anayetaka kusema, asimame."

Kule karibu na nguzo nikasikia bilauri imeanguka na maji yanamwagika sakafuni. Kuna mtu amesimama kwa pupa akaigonga. Nikakunja macho. Nikaona kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

Sikuwa nimemwita. Hakuna aliyemwita.

"Mheshimiwa Sikudhani Mapembe," nikasema.

"Mheshimiwa Spika," akaanza. "Mimi nilikuja leo kusema siyo." Ukumbi ukaguna. "Nasema wazi, chama changu kinifanye kitakavyo. Mkichukua mvua zetu zote mbili, chai inakufa, na miche ya chai ikifa huipati mwakani. Siyo. Hilo ndilo nililokuja nalo."

Nilidhani amemaliza. Lakini hakukaa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ila nimeketi hapa nawaza," akasema, "mbona hakuna mtu wa Ulwila aliyechangia? Nikakumbuka. Mheshimiwa Spika, kwenu ni Ulwila. Na wewe huruhusiwi kusema. Umekaa hapo tangu asubuhi unasikiliza watu wanagombania maji ya kwenu, na huruhusiwi hata kukohoa. Wewe ulikuwa unaniita mimi nikiwa siwezi kusimama. Basi leo wacha niwasemee na watu wako. Wana kiu. Sisi tuna mvua mbili. Nao wanaweza kuishi na moja, sisi pia tunaweza, kwa shida, lakini tunaweza. Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja ya marekebisho. Rwenga tubaki na masika. Vuli iende magharibi."

Hakuna aliyegonga meza. Halafu mbunge mmoja wa milimani akasimama, akajikwaa kwenye kabati la vitabu, akaafiki. Akasimama mwingine. Wakaanza kusimama mmoja mmoja kama watu wanaojifunza kutembea baada ya homa, na mimi nawaita kwa kukisia, namchanganya huyu na yule, wao wananisahihisha na kucheka. Mwishoni nikamwita mwenye muswada, Mheshimiwa Waziri Mkuu. Lukelo akasimama. Alichukua muda mrefu kurekebisha miwani yake.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "Serikali inaafiki."

Nikawahoji. Ndiyo zao nilizisikia kwa masikio yangu haya mawili.

*

Walimu walikuwa wamekaa sakafuni kunizunguka. Yule dada mwenye tai naye alikuwa amekaa, kalamu mkononi, hajaandika kitu.

"Kwa hiyo Kiti kilikosea?" akaniuliza. "Kilisema atakataa, naye hakukataa."

"Hakikukosea. Kilisikia siyo, na siyo ilikuwepo. Ile habari ya kugawana haikuwa kooni mwake asubuhi ile, wala kooni mwa mtu yeyote. Ilimjia akiwa amesimama, amewaona wenzake. Kama ningempa Lukelo jina lake wakati wa chai, angekuwa nje getini na mkoba wake, na hiyo hoja isingezaliwa."

"Na kaka yako?"

Hilo sikulipenda, lakini ameuliza vizuri. "Vuli ilichelewa. Ilipofika, zizi la Kapela lilikuwa limebaki na mbuzi. Alijua kilichotokea ofisini kwangu, maana yule mtu aliyetumwa alimwambia. Hakunipigia simu misimu kadhaa. Siku alipopiga aliniambia mtama umechanua, akakata. Nilikaa na ile simu sikioni muda mrefu. Alikufa hatujalizungumza."

Kengele ikalia. Nikasimama, magoti yakalalamika. Kabla ya kuondoka nikabandika kiganja changu kwenye kioo, usawa wa ile alama ya kichwa. Yule dada hakunikataza.

*

Jukwaa la wageni lilikuwa limejaa. Nikapata nafasi mstari wa mbele, na kumbe pembeni, baada ya kiti kimoja kitupu, ameketi mzee mwenye fimbo. Lukelo. Tukaitikiana kwa kichwa.

"Mheshimiwa Spika," akasema.

"Mheshimiwa Waziri Mkuu," nikasema. Wote tumestaafu zamani, lakini ndivyo tunavyosalimiana kwenye misiba na harusi.

Chini wakahesabu kura za kumchagua Spika mpya. Katibu, huyu wa siku hizi, akasoma jina. Sikudhani Mapembe. Nikafumba macho. Nilipofumbua, wabunge wawili vijana walikuwa wamemfuata alipokaa, karibu na nguzo ile ile, wamemshika mikono. Naye akagoma! Hakuwa anaigiza, namjua. Alishika nguzo, akashika meza, kitambaa kikaenda upande. Alikuwa anaijua kazi anayokokotewa. Alijua kuna siku ataletewa picha ya kwao, mlango umefungwa na chai mezani. Wageni wote jukwaani wanacheka, mimi machozi yananitiririka, na kabla sijajizuia nikasimama nikapiga ukelele:

"Kaza miguu, mwanangu! Kaza miguu!"

Ukumbi mzima ukageuka juu. Wabunge wakagonga meza, wengine wakanitambua, wakaanza kunishangilia kwa jina. Nikawapungia mkono, mjinga mimi.

Wakamfikisha mbele. Akaapa. Akakaa kwenye kiti cha kawaida, kisicho na waya, akanyoosha kitambaa chake. Akangoja kelele zikome. Halafu akainua macho moja kwa moja mpaka nilipokaa.

"Waheshimiwa," akasema, na sauti haikutetemeka, "kanuni za Bunge hili haziruhusu mgeni kupiga kelele jukwaani. Haidhuru ni nani. Mpambe wa Bunge, mtoe nje mgeni yule wa mstari wa mbele."

Mpambe akapanda ngazi, mtu mzima, ananitazama kwa aibu. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Fanya kazi yako."

Nikachukua mkoba wangu. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwinamishia Spika kichwa, vile inavyotakiwa. Naye akaniinamishia cha kwake. Sikujua koo lake lilikuwa linasema nini wakati ule, na nilifurahi kwamba hakuna wa kuniambia. Nikatoka nikiwa nacheka na kulia pamoja, mpambe ananishika kiwiko nisianguke ngazini.

Sijafika hata ngazi ya mwisho, nikasikia fimbo inagonga nyuma yangu, haraka haraka.

"Dada," akaita Lukelo, anahema. "Nisubiri. Getini bado wanachoma mahindi."

Nikamsubiri.